Mwajiri hakukata kodi ya mshahara: deni linabaki la nani? (Uzi kwa tulioko Marekani)

Mleta uzi:

Ndugu zangu, salaam. Nimefungua uzi huu kwa sababu msimu huu wa kodi nimeulizwa swali moja mara nyingi kuliko yote, na karibu kila anayeuliza huanza na maneno yaleyale: “Mwajiri wangu hakunikata kodi, kwa hiyo kosa ni lake.” Ni kweli, kosa ni lake. Lakini kosa na deni ni vitu viwili, na watu wetu wanaumia kwa kudhani kwamba aliyekosa ndiye atakayelipa kila kitu.

Mimi huandaa ritani za kodi, yaani taarifa za mapato na kodi za kila mwaka, hapa Fort Worth, Texas, na wengi ninaowahudumia wametoka Kongo, Burundi, Kenya na kwetu Tanzania. Wiki mbili zilizopita mama mmoja aliyezaliwa Uvira, Kongo, aliniletea bahasha ya kaki, na ameniruhusu nieleze habari yake bila kumtaja jina. Ndani ya bahasha zilikuwamo nakala za cheki 52, cheki moja kwa kila wiki ya mwaka, zimefungwa kwa mpira wa nywele wa binti yake. Kila cheki ilikuwa ya dola 640, yaani saa 40 kwa dola 16, hesabu kamili bila senti kupungua, na kwenye mstari mdogo wa chini kushoto mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya buluu neno moja tu, “care”. Hakukuwa na slipu ya mshahara wala orodha ya makato. Mwaka mzima mama yule alihesabu kwamba amebahatika, kwa kuwa majirani zake wanaofanya kazi hiyohiyo ya kutunza wazee walikuwa wakipokea pungufu. Mwishoni mwa Januari akaletewa fomu ya 1099-NEC inayosema kwamba yeye si mwajiriwa, bali ni mtu aliyejiajiri aliyelipwa dola 33,280.

Kabla ya kumjibu mtu yeyote mwenye tatizo la namna hii mimi humuuliza jambo moja kwanza: je, fedha ilikatwa kwenye mshahara wako isifike serikalini, au haikukatwa kabisa? Majibu haya mawili yanaongoza kwenye njia mbili zisizokutana, na sheria inamtendea mfanyakazi tofauti kabisa katika kila njia.

Nianze na njia ya kwanza kwa sababu niliipitia mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilifanya kazi kwenye ghala moja ambalo kila wiki mbili lilinipa slipu yenye makato yote: kodi ya mapato ya serikali kuu, Social Security (mfuko wa pensheni), Medicare (bima ya afya ya wazee). Mwezi Desemba ghala likafungwa ghafla, tajiri akaacha kupokea simu, na fomu ya W-2, yaani taarifa ya mwaka ya mshahara na makato, ambayo mwajiri anatakiwa kuitoa kufikia tarehe 31 Januari haikuja. Nilipofuatilia ndipo nilipobaini kwamba fedha iliyokatwa kwetu ilikuwa haijawasilishwa. Niliona giza, maana nilidhani nitalipa mara ya pili. Sivyo. Kanuni za kodi za Marekani zinasema wazi kwamba kodi ikishakatwa kwenye mshahara, mfanyakazi anahesabiwa ameilipa, hata kama mwajiri hakuiwasilisha. Mahakama ya Juu ya Marekani ililigusa jambo hili mwaka 1978 katika kesi ya Slodov, ikaeleza kwamba mfanyakazi akishapokea mshahara uliobaki baada ya makato, serikali inamwandikia kodi hiyo kuwa imelipwa, na inabaki kumdai mwajiri.

Kilichoniokoa ni slipu ya mwisho, ile ya Desemba, yenye safu ya jumla ya makato tangu Januari hadi siku ile. Nilijaza Fomu ya 4852, ambayo hutumika badala ya W-2 isiyopatikana, nikaandika tarakimu za slipu ile, na nikaeleza nilivyojitahidi kumtafuta mwajiri. IRS, yaani mamlaka ya kodi ya serikali kuu ya Marekani, walizuia marejesho yangu (fedha ya kodi niliyopaswa kurudishiwa) na kuniandikia barua ya kutaka uthibitisho. Nikatuma nakala za slipu zote pamoja na taarifa za benki zinazoonyesha kiasi kilichoingia kila malipo. Ilichukua miezi, lakini marejesho yalikuja kamili. Mwenzangu wa zamu ileile alikuwa ametupa slipu zake, na yeye alihangaika sana.

Njia ya pili ndiyo ya mama wa Uvira, na hapa sina habari nzuri sana. Kukatwa kwenye mshahara ni utaratibu wa ukusanyaji tu. Ulipewa nguvu mwaka 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ilipohitaji fedha haraka kutoka kwa mamilioni ya wafanyakazi ambao hapo kabla wengi wao hawakuwa na uzoefu wa kulipa kodi ya mapato. Kodi ya mapato yenyewe ni ya aliyepata mapato. Mwajiri asipoikata, mfanyakazi bado anatakiwa kuyatangaza mapato yake na kuilipa kodi hiyo kwa ritani yake. Mwajiri naye anawajibika kwa kiasi ambacho angepaswa kukata, lakini mfanyakazi akishalipa, IRS hawaichukui kodi ileile kwa mwajiri mara ya pili. Hubaki kumdai adhabu na nyongeza za kushindwa kukata. Anayewahi kulipa ndiye anayebeba, na kwa kawaida anayefikiwa haraka ni mfanyakazi.

Social Security na Medicare zina hesabu nyingine, na hapa ndipo watu wetu wengi wanapoporwa bila kujua. Mfanyakazi anadaiwa asilimia 6.2 na 1.45 ya mshahara, jumla 7.65, na mwajiri anadaiwa kiasi kilekile kutoka mfukoni mwake. Mwajiri asipokata ile nusu ya mfanyakazi, kanuni zinamfanya awajibike nayo hata kama hakuikata, na hadi itakapokusanywa kutoka kwake, mfanyakazi naye bado anadaiwa nusu hiyo. Lakini nusu ya mwajiri haimhusu mfanyakazi hata kidogo.

Sasa tazameni kile ambacho 1099 ilimfanyia mama yule. Kama mwajiriwa, sehemu yake ya Social Security na Medicare kwa dola 33,280 ni dola 2,545.92. Kama mtu aliyejiajiri, angelipa asilimia 15.3 ya sehemu kubwa ya mapato hayo, yaani dola 4,702.31, kabla ya nafuu ndogo anayopewa aliyejiajiri katika kodi ya mapato. Tofauti ni dola 2,156.39. Hiyo ni nusu ya tajiri iliyohamishiwa kwenye mabega ya mtu anayemwogesha na kumlisha mgonjwa kwa dola 16 kwa saa, na imehamishwa kwa karatasi moja tu. Hilo ndilo linalonikera, na ndilo lililonifanya niandike.

Mchangiaji wa kwanza:

Ahsante sana kwa maelezo. Mimi pia nilipewa 1099, lakini siku ya kuanza kazi nilitia saini karatasi inayosema kwamba nakubali kuwa mkandarasi wa kujitegemea na kwamba kodi zote ni juu yangu. Je, nimekwisha jifunga mwenyewe?

Mleta uzi:

Hujajifunga, ndugu yangu. IRS hawaangalii jina mlilopeana, wanaangalia kazi inavyofanyika. Ni nani anayepanga saa zako? Ni nani anayekuelekeza namna ya kuifanya kazi yenyewe? Vifaa ni vya nani? Unaweza kupata hasara au faida kwa uamuzi wako, au unapokea kiasi kilekile kwa saa vyovyote iwavyo? Unaweza kumtuma mtu mwingine akufanyie zamu? Mama wa Uvira alikuwa akipangiwa zamu kwa ujumbe wa simu kila Ijumaa jioni, akivaa sare ya kampuni, akijaza daftari la kampuni, na haruhusiwi kumtuma mtu mwingine badala yake. Mtu wa namna hiyo ni mwajiriwa hata akitia saini karatasi kumi.

Njia ya kudai haki hiyo ni Fomu ya SS-8, ambayo ni bure, na ambayo unawaomba IRS waamue wewe ni mwajiriwa au umejiajiri. Pamoja nayo kuna Fomu ya 8919, inayoambatana na ritani yako, ambayo unakokotoa nusu yako peke yake ya Social Security na Medicare ambayo haikukatwa. Fomu hiyo inataka uandike herufi ya sababu: herufi G ni ya mtu aliyepeleka SS-8 na bado hajajibiwa, na herufi A ni ya aliyekwisha kupata uamuzi kwamba ni mwajiriwa. Mapato yenyewe unayaandika kama mshahara, siyo kama biashara. Na kuna faida ambayo wengi hawaambiwi: mapato ya Fomu ya 8919 huingizwa kwenye rekodi yako ya Social Security, kwa hiyo mwaka huo haupotei utakapofika umri wa pensheni.

Ila nikuambie ukweli mapema: ukipeleka SS-8, IRS kwa kawaida humwandikia mwajiri ili wasikie upande wake, na jina lako litajulikana. Uamuzi nao huchukua miezi mingi. Mtu aliye bado kazini apime hilo kabla ya kutia saini.

Mchangiaji wa pili:

Kwangu mimi tatizo ni kwamba sina fedha ya kulipa hata hiyo nusu. Nilifikiri nisipeleke ritani mwaka huu, nijikusanye kwanza, nipeleke mwakani pamoja na ya mwaka ujao. Kuna ubaya gani?

Mleta uzi:

Dada yangu, usifanye hivyo. Adhabu ya kutopeleka ritani ni asilimia 5 ya kodi inayodaiwa kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi, hadi kufikia asilimia 25. Adhabu ya kupeleka ritani bila kulipa ni nusu ya asilimia moja kwa mwezi. Yaani kukaa kimya kunagharimu mara kumi ya kusema “nadaiwa, lakini sina.” Peleka ritani kwa wakati, lipa unachoweza hata kikiwa dola 50, kisha omba mpango wa kulipa kwa mwezi kwenye tovuti ya IRS. Anayedaiwa chini ya dola 50,000 kwa jumla, na aliyekwisha kupeleka ritani zake zote, kwa kawaida huomba mpango wa muda mrefu huko huko mtandaoni bila kuonana na mtu.

Mchangiaji wa tatu:

Naomba kuuliza kutoka upande wa pili. Mimi ninamsaidia shemeji yangu kutunza hesabu za kampuni yake ndogo ya usafi. Nina ruhusa ya kutia saini cheki. Makato ya wafanyakazi tunayaonyesha kwenye slipu kama kawaida, lakini kwa robo mbili za mwaka sasa fedha hiyo tumelipia dawa za kusafishia na pango la ofisi, tukitegemea mteja mmoja mkubwa atalipa. Shemeji anasema deni ni la kampuni, na kampuni ikifa deni limekufa nayo. Je, ni kweli?

Mleta uzi:

Si kweli, na ninakuomba usome haya polepole.

Fedha unayoikata kwenye mshahara wa mtu si ya kampuni. Sheria inaiita fedha ya amana: inashikiliwa kwa niaba ya serikali ya Marekani kuanzia dakika ile inapokatwa. Kampuni ikishindwa kuiwasilisha, IRS wanaweza kumfuata mtu binafsi chini ya kifungu cha 6672 cha sheria ya kodi na kumtoza adhabu iliyo sawa na asilimia 100 ya amana hiyo. Ukuta wa kampuni haukingi hapa. Hata kufilisika mahakamani hakufuti deni hili.

Nani anafuatwa? Mtu yeyote mwenye mamlaka ya kuamua nani alipwe, ambaye alijua au hakujali kwamba kodi haijalipwa, akalipa wengine. Cheo hakina uzito mkubwa. Mwenye kampuni anaweza kufuatwa, na mtunza hesabu anayetia saini cheki anaweza kufuatwa pia, wote wawili kwa deni lilelile, ingawa IRS hawalikusanyi zaidi ya mara moja. Kosa la makusudi halihitaji nia ya kuiba. Kujua kwamba fedha ya makato ipo au ilikuwepo, kisha ukaandika cheki ya dawa za kusafishia, kunatosha. Kwenye mahojiano ya Fomu ya 4180 afisa atakuuliza nani anatia saini cheki, nani anaamua zipi ziende kwanza, na lini ulijua. Ikifuata barua yenye namba 1153, una siku 60 za kukata rufaa, usizipoteze. Mambo yakiwa mabaya zaidi, kifungu cha 7202 kinaruhusu kifungo cha hadi miaka 5.

Na usifikiri kwamba kama msingekata kabisa mngekuwa salama. Kifungu cha 6672 kinamgusa anayepaswa kukusanya na asikusanye kwa makusudi, sawasawa na aliyekusanya asiwasilishe.

La kufanya leo, siyo wiki ijayo: mpeleke shemeji yako kwa mtaalamu wa kodi, wasilisheni Fomu za 941, yaani taarifa za kodi za mishahara za kila robo mwaka, za robo zote mbili hata kama hamna fedha, na kila mnapolipa kwa hiari yenu andikeni barua inayoelekeza kwamba malipo hayo yaende kwanza kwenye sehemu ya amana ya robo fulani. Msipoelekeza, IRS wana haki ya kuyapeleka wanakoona panafaa kwa faida ya serikali, na mara nyingi yataanza na sehemu ya mwajiri, ile ambayo haiwagusi ninyi binafsi, huku amana ikibaki palepale. Wewe mwenyewe, kama shemeji atakataa, acha kutia saini cheki za mtu mwingine yeyote wakati amana haijalipwa. Najua ni shemeji na ni vigumu kumwambia hapana. Lakini barua itakuja na jina lako wewe, kwenye anwani ya nyumba unayoishi na watoto wako.

Mchangiaji wa nne:

Nimeshtuka. Mimi ni mweka hazina wa kanisa letu na tuna mchungaji msaidizi na msafishaji wanaolipwa mshahara. Silipwi chochote, ninajitolea. Je, hili linanihusu?

Mleta uzi:

Linaweza kukuhusu, mpendwa. Sheria inamkinga mjumbe wa bodi ya taasisi isiyolipa kodi anayejitolea kwa heshima tu, asiyeshiriki shughuli za kila siku na za fedha, na ambaye hakujua kwamba kodi haijalipwa. Lakini mweka hazina anayeandika cheki anashiriki shughuli za fedha, kwa hiyo usijifiche nyuma ya kujitolea. Wachungaji wana utaratibu wao: malipo yao ya huduma kwa kawaida hayakatwi Social Security na Medicare, wao huyalipia kama watu waliojiajiri. Msafishaji ni mwajiriwa wa kawaida, kwa hiyo hakikisha Fomu ya 941 inapelekwa kila robo na slipu yake inaonyesha makato halisi.

Kwa wanaoajiri yaya au msaidizi wa nyumbani, nipite haraka: ukimlipa mtu mmoja kiwango kilichowekwa kwa mwaka huo au zaidi (mwaka 2025 kilikuwa dola 2,800), unadaiwa Social Security na Medicare, na unazitangaza kwenye Jedwali H la ritani yako mwenyewe. Kodi ya mapato hulazimiki kumkata ila mkikubaliana. Usipomkata nusu yake, bado ni wewe utakayeilipa.

Mchangiaji wa kwanza:

Swali la mwisho kutoka kwangu. Rafiki yangu ana W-2 ya kweli, lakini mwajiri amegundua kwamba mwaka jana hakumkata vya kutosha, na sasa anataka kumkata yote kwenye mishahara ya mwaka huu. Anaruhusiwa?

Mleta uzi:

Kwa nusu ya mfanyakazi ya Social Security na Medicare, ndiyo, anaweza kuikata kwenye malipo yanayofuata baada ya kugundua kosa, na isipokatwa hubaki jambo la kumalizana kati yao wawili. Kwa kodi ya mapato, mwisho ni tarehe 31 Desemba ya mwaka uleule wa mshahara. Mwaka ukishageuka, kodi ya mapato ya mwaka jana ni ya rafiki yako kumalizana na IRS kwa ritani yake, kwa hiyo mwajiri akiikata sasa, mwulize ni kwa kifungu gani. Na kama mwajiri alimwita mwajiriwa wake mkandarasi, kisha IRS wakamtoza kwa viwango maalumu vya kifungu cha 3509, haruhusiwi kumdai mfanyakazi kile alichotozwa.

Jambo jingine ambalo sikulisema juu: kila mmoja wenu afungue akaunti kwenye tovuti ya Social Security na atazame rekodi yake ya mapato, mwaka kwa mwaka. Stahili inahesabiwa kwa mshahara uliolipwa, siyo kwa kodi ambayo mwajiri aliwasilisha, kwa hiyo mwaka uliofanya kazi ukasoma sifuri unaweza kurekebishwa ukiwa na ushahidi. Muda wa kawaida wa kudai marekebisho ni miaka 3, miezi 3 na siku 15 baada ya mwaka husika. Ipo ruhusa ya kupita muda huo katika hali fulani, ikiwemo pale ambapo mshahara wa mwajiri huyo haumo kabisa kwenye rekodi, lakini ushahidi wa miaka kumi nyuma si rahisi kuupata.

Mama wa Uvira tulipofungua akaunti yake tulikuta miaka mitatu ya sifuri kabla ya huu. Miaka hiyo alilipwa fedha taslimu na mwajiri mwingine, na alichobaki nacho ni madaftari mawili ya zamu aliyoyaandika kwa mkono, tarehe na saa za kuingia na kutoka, kwa Kiswahili. Mwaka wa kwanza kati ya hiyo umebakiza miezi miwili ndani ya muda wa kawaida, kwa hiyo Jumamosi hii tunakaa kuyafasiri. Ritani ya mwaka huu tumeituma Jumanne pamoja na Fomu ya 8919 yenye herufi G, na SS-8 imekwenda kwa njia ya posta siku hiyohiyo. Bahasha ya kaki amerudi nayo nyumbani, cheki zote 52 zikiwa ndani.